Maji Yaliyotakata Mno

Ziwa la Juu lilipoanza kuonyesha mawe ya chini, watu waliopanda kilima Jumapili baada ya misa walifurahi. Zamani maji yake yalikuwa ya kijani, mazito kidogo, na mtoto akitumbukiza mkono hauoni tena. Sasa ungeweza kuhesabu kokoto kwenye kina cha mtu mzima. Vijana walipiga picha. Mama mmoja muuza maandazi alimwambia Musoki, "Mama Gracia, angalia, ziwa imekuwa safi kama mayi ya kuuza ndani ya chupa. Miti yenu njo imeisafisha."

Musoki alishukuru kwa heshima, lakini hakutabasamu. Alikuwa amechuchumaa kando ya maji, ameshika konokono kati ya vidole viwili. Alipombonyeza kidogo tu, gamba lilibonyea kama ganda la yai lililochemshwa.

Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Alifika Bunia kutoka Butembo akiwa msichana aliyeolewa karibuni, na yeye na mumewe, fundi wa matofali, wakajenga nyumba mtaa wa Rwambuzi. Mumewe alipofariki, Musoki alibaki na binti mmoja, Gracia, na kiwanja kidogo nyuma ya nyumba. Katika kiwanja hicho aliotesha miche ya grevilea na sederela ndani ya mifuko midogo ya plastiki nyeusi. Mwanzo watu walimcheka: ni nani atakayenunua mti, na miti iko porini bure? Aliyekuja kununua wa kwanza alikuwa Hippolyte.

Hippolyte alikuwa mwagronomia, mtaalamu wa kilimo, wa shirika moja la mazingira lililokuwa na ofisi mtaa wa Lumumba. Alizaliwa Ituri, katika ukoo wa wafugaji, mrefu, mpole, mtu wa kuvua kofia anapoongea na wanawake wa sokoni. Ndiye aliyemwambia Musoki kwamba kilima kinachozunguka Ziwa la Juu kimekatwa kuni mpaka kimebaki kipara, na kwamba wanawake wanaweza kukivisha tena. Ndiye aliyemfundisha kuchanganya samadi na udongo mweusi, kukata mizizi inayojikunja, kupima udongo kwa vipande vya karatasi vinavyobadilika rangi. Ukiloweka karatasi ikawa ya kijani, udongo uko salama. Ikienda kwenye manjano na rangi ya chungwa, kuna acide, ukali kama wa ndimu; kila rangi na nambari yake. "Nambari ikishuka chini ya cinq, chini ya tano, mama, usipande kitu," alimwambia. "Mizizi itaungua."

Walifanya kazi pamoja miaka kumi na minne. Barabara zilifungwa, watu wakakimbia vita, wakarudi, wao walipanda. Gracia alipopata kipaimara, Hippolyte alisimama nyuma yake na kumwekea mkono begani kama parrain, msimamizi wake. Musoki alipoulizwa ni nani ndugu yake hapa Bunia, jina la kwanza lililomjia mdomoni lilikuwa hilo.

Septemba ya mwaka wa 2023 walipanda miche elfu nne na mia mbili kwenye mteremko wa juu, upande ambao kijito huingia ziwani. Hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote. Wanawake arobaini wa kikundi chao walibeba miche kichwani siku tano. Siku ya kwanza Hippolyte alikuja, akavua viatu, akashika jembe, akachimba shimo la mche wa kwanza. Kisha aliomba sala fupi, na wote wakaitika amina.

Miche haikufika mwaka na nusu. Ilianza kukauka kuanzia ncha, jani kwa jani, kama mtu anayeishiwa damu. Baadaye hata miti ya zamani, ile ya miaka kumi, ikaanza kupoteza vichwa. Musoki alichimbua mizizi akaikuta mifupi, myeusi, imevimba kwenye ncha. Samaki walielea wiki mbili mfululizo, halafu hawakuelea tena, kwa sababu hawakuwapo. Ndipo maji yakatakata. Hakuna kilichokuwa kinaishi ndani yake cha kuyatia rangi.

Kila mara alimwendea Hippolyte.

"Ingénieur, miti inakauka kutoka juu. Sijaonaka ile."

"Ni mvua ilichelewa, Mama Gracia. Weye vumilia."

"Na karatasi za kupimia? Zangu ziliisha."

"Zitafika. Nimeomba Kampala."

Karatasi hazikufika. Musoki hakuudhika. Alijua ofisi ni ofisi, na Hippolyte ni Hippolyte.

Aprili 2025 waliitwa wote kwenye ukumbi wa parokia kusikiliza rapoti juu ya kifo cha miti ya kilimani. Machifu walikuja, watu wa mazingira walikuja, na mstari wa mbele alikaa Bruno, mkubwa wa kooperative iliyokuwa ikichimba dhahabu nyuma ya kilima. Hippolyte alisimama na karatasi zake. Hakuvua kofia. Alisoma kwa Kifaransa, kisha akaeleza kwa Kiswahili: miti imekufa kwa sababu miche ilikuwa dhaifu, imelelewa vibaya katika kitalu cha kienyeji, na samaki wamekufa kwa sababu wanawake wa kikundi walifua nguo ziwani kwa sabuni nyingi.

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama Musoki. Alingoja Hippolyte amwangalie. Hippolyte alikunja karatasi zake mara nne, akazitia mfukoni, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Nje, mwanamke aliyebeba miche pamoja naye siku zile tano alimwuliza bila ukali, "Mama Gracia, kumbe miche ilikuwa mibaya na haukutuambia?" Hilo ndilo lililomuuma kuliko rapoti.

Bado hakuamini. Alijiambia labda amelazimishwa, labda ameandikiwa. Kesho yake asubuhi alikwenda Shari, nyumbani kwa Hippolyte, na hakumkuta. Alimkuta mkewe, Madeleine, akichuja maziwa. Madeleine alimkaribisha kama siku zote, akampa kikombe. Waliongea habari za Gracia, za bei ya sukari. Musoki akauliza, kwa sababu tu ya kuuliza, kama ng'ombe wao bado wako kule kwenye malisho ya chini ya ziwa.

"Haziko kule tena," alisema Madeleine. "Bwana yangu alizitoa zote mwaka ule wa vingt-trois, mwezi wa sita. Alisema mayi ya kule iko mubaya, itatoa mimba za ng'ombe. Hakukuambia?"

Musoki aliweka kikombe chini. Mwezi wa sita wa 2023. Walipanda mwezi wa tisa.

Hakurudi nyumbani. Alipitia kwa Valérie, mwalimu wa kemia aliyepanga jirani yake, akamwomba vipande vinne vya karatasi ya kupimia, kisha akapanda kilima peke yake. Ziwani aliloweka kipande cha kwanza, na cha pili pale kijito kinapoingia: vyote rangi ya chungwa. Alifuata kijito kwenda juu, akipita kati ya miche yake iliyosimama mikavu kama vijiti vya kuwekea alama. Mita mia tatu juu zaidi, karatasi ilikaribia wekundu. Na juu kabisa, nyuma ya mgongo wa kilima, aliona lundo la mawe yaliyotolewa kwenye mashimo, kubwa kuliko kanisa, kijivu, lenye chembe za manjano zinazong'aa ambazo si dhahabu. Maji ya mvua yalitoka chini ya lundo yakiwa na utando wa rangi ya kutu. Hapo karatasi iligeuka nyekundu mkononi mwake kabla hajamaliza kuhesabu mpaka tatu.

Valérie alimweleza jioni ile. Mawe yale yana madini ya kiberiti ndani. Yakilala chini ya ardhi hayadhuru. Yakivunjwa na kuachwa juani na mvuani hutoa acide, kama maji ya betri. Acide hiyo inanyonya kalsiamu yote ya udongo, ndiyo maana magamba ya konokono yamekuwa laini, na inaamsha sumu iliyolala ndani ya udongo wenyewe, inayounguza mizizi na kuziba matamvua ya samaki wanayopumulia. "Sabuni haiwezi kufanya hii, mama," alisema. "Na mwagronomia anajua."

Musoki alimkuta Hippolyte ofisini Lumumba saa nne asubuhi iliyofuata. Alikuwa peke yake. Musoki alipanga vipande vinne juu ya meza, kutoka cha chungwa mpaka chekundu.

Hippolyte alivitazama kimoja kimoja. "Ulifika mpaka kule juu," alisema.

"Weye njo ulinifundisha kusoma ile karatasi."

"Mama Gracia, kama ningeandika vile iko, bureau hii ingefungwa. Kooperative njo inatupa gari, na wakubwa wangu walisema ninyamaze. Batu kumi na moya wangekosa kazi hapa."

"Siku tulipanda, ulikuwa unajua?"

Hippolyte alivikusanya vile vipande, akavipanga upya. "Nilikuwa najua," alisema. "Nilifikiri labda mvua itasafisha."

"Na ulikuja. Ulishika jembe. Ulitufanyia sala."

"Ndiyo."

"Bon. Ungeandika kama hamujui sababu. Ungesema Mungu amependa. Juu ya nini ukaandika kama ni siye?"

Hippolyte alisugua macho. "Rapoti inaomba sababu," alisema kwa sauti ndogo. "Na nyiye hamuna bureau ya kufunga."

Musoki alivuta kiti, akakaa. Hippolyte alifungua droo, akatoa daftari la jalada la buluu, akalisukuma kwake. Ndani, kwa mwandiko ule mzuri aliokuwa akiutumia kumwandikia majina ya mbegu, kulikuwa na vipimo vya kijito vya kila mwezi. Cha kwanza kilikuwa cha Februari 2023: 4,9. Cha Agosti, wiki tatu kabla ya kupanda: 4,1.

"Chukua," alisema. "Lakini usiseme ni miye nilikupa."

"Nitasema," alijibu Musoki, akaondoka na daftari kifuani.

Alilisoma kwa sauti mbele ya machifu walewale, ukurasa baada ya ukurasa, Valérie akieleza. Bruno alisema daftari si rapoti. Hata hivyo, baada ya miezi mitatu na barua nyingi, kooperative ilichimba mfereji wa kuzuia maji ya lundo yasiingie kijitoni, na ikaleta malori mawili ya chokaa, ambayo kwa mlima ule ni kama chumvi kidogo katika sufuria ya harusi. Hippolyte alihamishiwa Mahagi. Rapoti yake haikufutwa. Iko kwenye kabati hadi leo, na jina la kikundi cha akina mama limo ndani. Kati ya wale wanawake arobaini walirudi kumi na sita. Wengine wanamsalimu Musoki vizuri, lakini miche yake hawachukui.

Hao kumi na sita walisambaza chokaa na majivu ya mekoni kwenye kipande kimoja cha mteremko, kikubwa kama uwanja wa shule. Musoki anapima kila mwezi. Desemba karatasi ilisoma 4,7, na hawajapanda.

Wakati wa Noeli Hippolyte alirudi Bunia kuona familia. Katika misa walijikuta safu moja, na padri aliposema watakiane amani, alimgeukia Musoki na kunyoosha mkono, macho yamejaa maji. Musoki aliushika, akamtakia amani kama alivyowatakia wa kulia na wa kushoto, kisha akakaa chini. Wakati wa kutoka, Gracia alimwuliza kama watapita kumsalimu parrain nje.

"Weye nenda," alisema Musoki. "Ni parrain wako." Naye akafuata njia ya Rwambuzi, polepole, mkoba mkononi.