Saa ya Mita Mia Tatu

Jumatano, mwezi wa nane. Baridi tangu asubuhi, mawingu mazito juu ya Kitengela lakini hata tone halijaanguka. Siku kama hii inanirudisha kwa mambo ya mwaka jana, na nimechoka kuyabeba bila kuyaandika. Niamini, yalitokea. Mahali sina hakika nitasema sina hakika, maana shule niliachia darasa la saba na sitaki kudanganya mtu kwa maneno makubwa.

Dada yetu anafanya kazi za nyumbani Uarabuni. Mwajiri wake alinunua saa mpya, akampa ile ya zamani, naye akanitumia. Ni zile za bei kali wanazovaa wapiga mbizi: chuma kizito, kioo kinene, na juu duara ya namba inayozunguka ukiisukuma kwa kidole. Imeandikwa mita mia tatu, yaani inaweza kushuka majini hadi hapo isiharibike. Sasa niambie, hapa kwetu ambapo maji ya kunywa yanaletwa na lori, hiyo ni ya nini? Ilinasa kwenye shati. Ilinigonga mfupa nikichonga mawe. Lakini niseme haki yake: vumbi la timbo, yaani shimo tunapochimba mawe ya kujengea, limeua kila saa niliyowahi kuvaa, na hii halikuiweza.

Timbo letu la mawe lilikuwa limejaa maji tangu mvua ya masika. Pampu ya kuyatoa ikateleza, ikazama. Bila pampu hakuna mawe, na bila mawe hakuna kazi. Tukaketi tukibishana nani ataingia kuifunga kamba, na hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea vizuri.

"Si huyu ako na saa ya kuingia maji?" mnyapara akasema akininyoshea kidole.

Watu wakacheka. Kicheko kilipoisha, jambo lilikuwa limeshaamuliwa: ningeingia kesho yake. Na mimi mwenyewe, nikiangalia ile mita mia tatu, niliona timbo ni kama kidimbwi tu.

Jioni wenzangu walitangulia, nikabaki kukusanya patasi zangu. Mwanamume alikuwa amesimama karibu na maji. Sikumwona akitoka majini, nisimsingizie. Nilimwona tu amesimama, suruali imelowa mpaka kiunoni, na siku ilikuwa kavu kama leo.

"Sopa," akasema.

"Ipa," nikajibu. Hiyo salamu ya Kimaasai huku tunaijua wote, hata sisi Wakamba.

"Hiyo saa, hebu nione."

Nilimnyoshea mkono, saa sikuivua. Vidole vyake vilikuwa baridi, vimekunjamana kama vya mama aliyefua kutwa nzima. Kwenye kifundo cha mkono wake kulikuwa na alama nyeupe, mahali saa ilikaa miaka mingi.

Akasukuma duara. Kr, kr, kr. "Sasa irudishe."

Nikajaribu. Ikakataa.

"Hairudi," akasema polepole, kama mtu aliyechoka kurudia jambo moja. "Inakupunguzia tu, haikuongezei. Na hiyo mita mia tatu ni ya saa. Wewe yako ni ngapi, ndugu yangu?"

Nikaangalia ile alama nyeupe, nikauliza, "Na saa yako iko wapi?"

"Iko chini. Bado inatembea."

Niliinama kuokota patasi. Nilipoinuka hakukuwa na mtu, na mawe aliyosimama juu yake yalikuwa makavu. Labda ni uchovu. Sijakataa.

Nyumbani nilimweleza mdogo wangu Mutua, niliyekuwa nikifanya kazi naye timboni. Nikamwambia siingii yale maji, na yeye pia asiingie.

Mutua akaangua kicheko. "Wee! Mtu mzima anaogopa suruali ya maji? Leta saa, mimi niko."

"Mutua, achana na pampu ya watu," mke wangu Mwende akamwambia.

Niliificha saa ndani ya debe la unga. Asubuhi debe lilikuwa wazi, na Mutua alikuwa ametangulia.

Nilifika timboni mbio nikakuta wenzangu wanamvuta kutoka majini kwa kamba. Alikuwa hai, Mungu ashukuriwe. Pampu haikuja. Saa haikuwa mkononi.

"Kuna mtu alinishika," akasema alipomaliza kutapika maji. "Akanivua saa polepole, vile unavua mtoto viatu. Ndio akaniachilia."

Je, kamba inaweza kunasa kishikio cha saa kikafunguka? Inaweza. Lakini baadaye nilienda Kajiado siku ya soko la mifugo, nikamweleza fundi saa ile saa ilivyokuwa. Akaniambia duara imetengenezwa iende upande mmoja, ili ikigongwa kwa bahati mbaya, mpiga mbizi adhani muda wake umepungua, asidhani umeongezeka. Basi yule mtu hakunidanganya. Nikauliza betri yake hukaa muda gani.

"Hiyo haina betri, mzee. Inaendeshwa na mkono unapotembea. Ukiiacha mezani siku chache, inalala."

Kama saa ya yule mtu bado inatembea kule chini, ni mkono wa nani unaoitembeza?

Mutua hajarudi timboni. Anachunga mbuzi wa jirani, na wakifika mahali pa kunywa anasimama mbali. Mara nyingine, katikati ya maongezi, anaweka kifundo kitupu sikioni, anasikiliza, ananiambia, "Bado."

Wewe unayesoma, ukivaa kitu chenye uwezo mkubwa, usihesabu uwezo wake kuwa wako. Na mtu aliyelowa siku kavu akikuuliza swali, usirudi nyumbani kulisimulia kama hadithi. Keti mlangoni, asitoke mtu, mpaka wa kwenu wote waamke.

Jioni hii tumekula githeri na parachichi. Mutua amekula vizuri, amemaliza sahani. Amekula kwa mkono mmoja, kifundo cha ule mwingine kikiwa sikioni muda wote.