Mlango wa Jikoni kwa Mama Mkwe

Kwa miaka mingi nilichomelea vyuma kwa sababu nilipenda tu. Mchana nilikuwa mpimaji wa mahindi katika stoo moja hapa Kitale: kuhesabu magunia yakiingia na kuyahesabu tena yakitoka, maana gunia usipoliangalia huota miguu. Jioni, nyuma ya nyumba yetu Kibomet, niliwasha mashine yangu ya kuchomelea, na jirani yeyote mwenye wilbaro iliyovunjika alijua njia ya kuja. Malipo yalikuwa "Mungu akubariki." Mara mojamoja, kuku. Kwa baraka nilizopokea, leo ningekuwa askofu.

Aliyechoka kwanza ni mke wangu. Hakuchoshwa na kelele. Alichoshwa na stima.

"Hii moto yako inakula tokeni ya nyumba yote," alisema. "Ama ikulipe, ama uizime."

Nikamwambia basi naacha stoo, nichomelee kwa pesa. Alifikiri kidogo, kisha akaweka sharti. Nichukue likizo, nipate mteja mmoja wa kunilipa pesa taslimu kwa bei niliyotaja, bila kupunguza. "Ukirudi na kuku, Jumatatu unarudi kupima mahindi, na hiyo mashine tunauza."

Nilikubali upesi. Tangu nijue kuongea sijawahi kulipa bei ya kwanza ya kitu chochote. Nilidhani kuuza ni mambo yale yale, ila umesimama upande wa pili wa meza.

Mteja wa kwanza kupatikana alikuwa mama mkwe wangu, anayeishi Kanduyi, pale Bungoma. Mlango wake wa jikoni wa mbao ulikuwa umeliwa na mchwa hadi kuku wanaingia bila kupiga hodi. Sasa alitaka wa chuma. Mke wangu alinipa habari hiyo huku anacheka.

"Sharti ni lile lile," akasema. "Hata kwa mama."

Kwetu, mwanamume hamshiki mama mkwe wake mkono. Mnasalimiana kwa mbali, macho yakitazama migomba. Jikoni kwake huingii, na habari za pesa hupitia kwa mtu wa tatu. Kwa hivyo nilikuwa naenda kupima mlango wa chumba nisichoweza kuingia, halafu niukazie bei kwa mteja nisiyeweza kumtazama.

Mtu wa tatu alikuwa shemeji yangu, dada mdogo wa mke wangu. Nilipima upana kutoka nje, nikapima tena. Kisha nikampa tepu, akaingia akapima upande wa ndani. Kipimo chake kilikuwa kidogo kuliko changu kwa karibu vidole vinne.

"Shem, si ni ukuta ule ule?" nikamuuliza.

"Ni ule ule. Lakini ulijengwa na mjomba, bure."

Fundi mwenye akili angechukua kipimo kidogo. Lakini mimi nimekulia sokoni. Mmoja akisema mia na mwingine akisema hamsini, mnakutana sabini na tano na kila mtu anaenda nyumbani ameridhika. Nikachukua katikati.

Niliutengeneza mlango ule kwa adabu ambayo sijawahi kukipa chuma kingine. Nikaupaka rangi ya kahawia, nikaweka hata maua mawili ya chuma ambayo hakuna aliyeyaagiza. Bei, elfu kumi na mbili, niliituma kupitia mke wangu, na jibu likaja kwamba mama ataongea akiuona mlango. Ukasafiri hadi Kanduyi pamoja na mashine yangu, juu ya pikapu ya mtu wa kabeji.

Ukakataa kuingia. Tuliusukuma kutoka nje mpaka nusu ya ukuta, ukakwama hapo kama mgeni aliyeona mbwa. Ukuta haujui kukutana katikati.

Mama mkwe alikuwa ndani ya jikoni, amesimama nyuma ya jiko. Kati yetu hapakuwa na zaidi ya hatua chache, na kila mmoja alisikia mwenzake akipumua. Hata hivyo alimgeukia binti yake.

"Muulize shemeji yako, huo mlango ni wa jikoni ama wa kanisa?"

"Shem, mama anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie mama nitapunguza fremu sasa hivi."

"Mwambie akate chuma chake. Ukuta wangu asiguse."

Nikavuta waya kutoka nyumba kubwa, nikakata, nikachomelea upya pale uani. Majirani walikuja kutazama cheche. Adhuhuri mlango ulikuwa umekaa, unafungwa kwa kidole kimoja, na shemeji alikuwa ameufungua na kuufunga mpaka kuku wakakata tamaa. Ndipo biashara ikaanza.

"Mwambie bei nayo ipungue," sauti ikatoka jikoni. "Niliambiwa bei ya mlango mpana. Sasa huu si ameukata?"

"Mwambie mama kukata pia ni kazi."

"Kazi ya kosa la nani?"

Hapo nilikwama kama mlango wenyewe. Mdomo wangu ulianza kutamka elfu kumi na moja, maana ndiyo njia ya amani, lakini akilini nikaiona mashine yangu ikibebwa na mnunuzi.

"Mwambie kosa ni langu," nikasema, "na dawa yake nimeilipa mimi: rodi zangu za kuchomelea na jasho langu. Mlango unafunga. Bei ni ile ile, mama."

Shemeji hakurudia. Nikasikia kifuniko cha sufuria kikitua.

"Mwambie akae ale kwanza."

Mkwe hatoki kwa mama mkwe bila kuchinjiwa kuku, kwa hivyo nilijua kinachokuja, na nilikiogopa. Nilikula kila kipande nikiamini natafuna mshahara wangu. Nilipomaliza kunawa, shemeji alinipa noti zilizofungwa kwenye kitambaa. Nikazihesabu. Nikazihesabu tena.

"Mwambie hazizai akizihesabu mara mbili," sauti ikasema. "Kuku ilikuwa ya mkwe. Hizo ni za fundi."

Zilikuwa kamili. Nilimpigia mke wangu papo hapo, nikamwambia stoo watafute mtu mwingine.

Bado nilikuwa na simu mkononi jirani mmoja alipokaribia, akaugonga mlango kwa kifundo cha kidole, akauliza bei yake. Nikafungua mdomo. Mama mkwe alinitangulia, akatoka mpaka kizingitini.

"Elfu kumi na tano."

"Ai, bana! Si ni huyu mkwe wako? Ongea naye apunguze."

"Hapa hakuna mkwe, kuna fundi. Na ana kazi mingi Kitale huko. Unataka ama hutaki?"

"Kumi na tatu."

"Ati kumi na tatu! Umeona haya maua?"

Nikachukua kikombe changu cha chai, nikaenda kukaa mbali kidogo, chini ya migomba, nisiwaharibie biashara.