Mwandiko Mzuri

Nilipopata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa maji, wanawake wa mtaa wetu Ujiji walinipongeza kwa jambo moja tu. Hawakuulizia maji wala uhandisi. Walisema darasa lile ni la wanaume watupu, kwa hiyo nitachagua mpaka nichoke, kama mtu aliyewahi soko la Mwanga kabla wenzake hawajaamka. Shangazi, aliyenilea baada ya mama kufariki, alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya vitenge.

Basi nawajibu leo, kwa heshima zote: soko nililiingia, na bidhaa niliiona.

Darasani tulikuwa wanawake wawili. Mwenzangu alikuwa mke wa mtu, mama wa mapacha, na pete yake aliivaa kama fundi anavyovaa kofia ya chuma, kujikinga. Nikabaki mimi. Choo cha wanawake kwenye ghorofa yetu kilikuwa kimegeuzwa stoo ya mifuko ya saruji, na tulipolalamika tukaambiwa tuvumilie maana tuko wachache. Uchache huo huo ndio uliowafanya wenzetu wanione kama mali ya darasa inayosubiri kugawiwa. Mmoja alinitumia salamu zenye picha za maua kila asubuhi ya Mungu, na siku niliyomjibu asante akawatangazia wenzake kwamba mambo yameiva. Mwingine aliniuliza, tukiwa tunavunja tofali kwenye mashine ya maabara, kama napendelea harusi ya ukumbini au ya nyumbani. Wa tatu alinikalisha kwenye benchi, akanieleza kasoro zangu kwa utaratibu, kuanzia sauti hadi mwendo, halafu akasema yuko tayari kunichukua hivyo hivyo. Watu hawa wanakokotoa nguvu ya bwawa zima bila kufuta jasho. Kumuuliza mwanamke hali yake na kusubiri ajibu, hapo hesabu inawashinda.

Halafu kulikuwa na desturi ya kazi za nje. Kupima mwinuko wa ardhi kunahitaji watu watatu. Mmoja anachungulia kwenye darubini ya miguu mitatu na kutaja namba, mmoja anasimamisha fimbo ya vipimo kule mbele, na wa tatu anaandika. Kila tulipotoka, nilikabidhiwa kalamu. "Dada, wewe andika, una mwandiko mzuri." Jamani, mwandiko wangu ni mbaya. Shule ya msingi nilichapwa kwa ajili ya mwandiko huo, na mwalimu aliyenichapa bado ananikumbuka. Lakini wao waliamua ni mzuri bila hata kuutazama. Siku nikisogelea darubini, lazima atokee mtu nyuma yangu kuhakikisha nilichokiona.

Mmoja wao nilimpenda. Sitajifanya sikumpenda. Tuliwacheka wenzake pamoja, alinishikia nafasi kwenye foleni ya kantini, na nilipougua malaria aliniletea uji kwenye chupa ya chai hadi getini kwa hosteli, akasubiri mpaka niunywe. Alikuwa mtu wa Tabora, mtaratibu, mwenye kicheko cha polepole. Hata mwandiko wangu aliujua. Alisema unafanana na nyayo za kuku aliyekanyaga wino. Akishamaliza kucheka ananipa kalamu niandike, na yeye anakwenda kwenye darubini. Mwaka mzima nilidhani huo ni utani wetu.

Tasnifu yangu ilikuwa ya nyumbani. Ziwa limepanda, kila mtu wa Kigoma anajua. Bangwe kuna nyumba ambazo sasa samaki wanaingia kwa mlango wa mbele. Swali langu ni jepesi kulitamka: maji yakizidi kupanda, yatafika kwa nani? Nilitaka kupima mwambao ule nyumba kwa nyumba ili watu wajue pa kujenga na pa kuacha. Aliyenitetea mpaka nikafika hapo ni baba, fundi mstaafu wa injini za boti. Baba zangu wadogo walipomwambia binti anazeekea vitabuni, aliwajibu kwamba anayenitaka asubiri nimalize. Msikitini aliwaambia wenzake kuwa mwanawe ndiye anayelipima ziwa. Nilisikia kwa watu, maana mimi mwenyewe hakuwahi kuniambia.

Nilipokuja Kigoma kupima, mpenzi wangu alikuja nami. Vipimo vya mwambao huo vilimfaa pia kwenye kazi yake ya bandari, na kulikuwa na jambo lingine: Jumamosi ya wiki hiyo mjomba wake angefika kwa treni na mzee mwenzake kuleta posa. Yeye alipanga gesti Mwanga, mimi nikalala nyumbani. Kwa adabu za kwetu alikaribishwa kama mwanafunzi mwenzangu, na nyumba nzima ikajifanya haijui kinachokuja Jumamosi.

Siku ya kwanza alikula nasi. Shangazi alipika ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, wanaume wakakaa sebuleni, mimi nikawa napeleka na kuondoa vyombo. Baba akamuuliza, "Hivi kazi yenu hasa huko Bangwe ni nini?"

"Nafanya utafiti wa kupanda kwa maji, mzee," akajibu, ametulia kabisa. "Binti yako ananisaidia sana."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli la mchuzi. Nikamtazama nikidhani atacheka na kusahihisha. Akachukua kipande kingine cha mgebuka.

Mgeni alipoondoka, baba alinikuta nikiosha vyombo uani. Akasimama kidogo. "Kumbe unamsaidia mwenzio," akasema. "Mimi nimekuwa nikiwaambia watu vingine." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayepanga jinsi ya kurudi kwa wenzake na kuomba radhi. Nikaendelea kusugua sufuria iliyokuwa imeshatakata. Baba yangu alikuwa anaona aibu kwa kujivunia mambo niliyoyafanya kweli.

Kesho yake mimi na mpenzi wangu tulikwenda Bangwe. Rafiki yake mmoja wa mjini akashika fimbo, yeye akaielekea darubini bila hata kuniuliza, akaninyooshea kitabu na kalamu. Kwenye utafiti wangu, kwenye ziwa langu, nikaandika. Nataka nijue mpaka leo mkono ule uliipokeaje kalamu. Ni mazoea, na mazoea ni kitu kibaya sana.

Jirani na tulipopima palikuwa na mama mmoja aliyekuwa akikanyaga udongo wa kujengea jiko jipya, la zamani likiwa limemezwa na maji. Alinisalimia mimi, "Mwakeye," nami nikamwitikia kwa Kiha. Tukaulizana habari za nyumbani. Lakini swali lenyewe alimwelekezea mwanaume, kwa Kiswahili: "Bwana mhandisi, hapa maji yatafika?"

"Hayafiki, mama. Jenga tu."

Eti jenga tu. Hesabu hazijafanyika hata moja. Nikamwambia mama asubiri kwanza, tumalize kupima. Mwenzangu akacheka kile kicheko chake cha polepole. "Usimtishe mama wa watu," akasema. Mama akatutazama sote wawili, akaamua nani wa kumwamini, akaendelea kukanyaga udongo.

Jioni nilimwambia mwenzangu yaliyonikaa moyoni, tumekaa kwenye mawe pale ufukweni. Nilimwambia kuhusu sebuleni, kuhusu darubini, kuhusu mama. Alinisikiliza kama mtu anayesubiri mvua ikatike. Kisha akaniuliza kuna ubaya gani, si tukishaoana kila kitu kitakuwa chetu. Baba zetu wanapenda kumwona mwanaume ana kazi, akasema, angemwambia mzee wangu nini, kwamba yeye ndiye msaidizi? Nikamwambia ndiyo, angemwambia hivyo, kwa kuwa ndivyo ilivyo. Hapo akanishika mkono na kunipa neno aliloliona kubwa kuliko yote.

"Darasa zima lile," akasema, "mimi nilikuchagua wewe."

Alinichagua kati ya nani na nani? Kati yangu na mama wa mapacha? Nilimtazama nikitafuta utani usoni mwake, sikuuona. Mwanaume mwenye shahada, mwenye hesabu za kutosha kujenga gati, ananidai shukrani kwa kuchagua mmoja kati ya mmoja. Nilitaka kucheka, nikalia, tena kwa hasira. Yeye akadhani nimeguswa.

Jumamosi wazee walifika, wastaarabu, kanzu zimenyooka, wakapokewa sebuleni. Mimi nikakaa chumbani na shangazi, kichwani nimejifunika khanga. Desturi ya kwetu inajulikana. Posa ikishasemwa, shangazi humuuliza mwari kama ameridhika, na mwari akinyamaza, amekubali. Hatakiwi hata kuitikia kwa kichwa. Kwa namna hiyo nyumba nyingi zimejengwa kwa wasichana kukaa kimya, na wapo walioridhika kweli.

Shangazi akauliza kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya ukuta, kisha akaninong'oneza, "Nyamaza tu, mwanangu, yatakwisha."

Nilinyamaza kidogo. Nilikuwa nawaza uji ule wa malaria, sitadanganya. Halafu nikawaza kalamu. Nikasema, kwa sauti ileile ya kusikika ng'ambo, "Sijaridhika. Mwambieni atafute mwingine wa kumwandikia."

Shangazi aliniziba mdomo kwa khanga yangu mwenyewe, amechelewa. Sebuleni vikombe vikaacha kugongana. Nikamsikia baba akikohoa, akiwaomba wazee radhi, akiwasihi wamalizie chai kwanza. Waliimaliza, na waliondoka kwa heshima, na shangazi hakunisemesha hadi jioni. Vitenge alikuwa ameshavinunua.

Baba aliingia wageni walipotoka. "Utafiti ni wa nani?" akauliza.

"Wangu, baba. Toka mwanzo."

Akatikisa kichwa, akakaa, akavua kofia. "Ungesema pale mlangoni," akasema. Kisha akauliza kazi ya Bangwe inahitaji watu wangapi.

Mwenzangu aliondoka na treni pamoja na wazee wake. Nilijua ataandika, na kweli ujumbe ulikuja. Nilikaa chini kabisa kuusoma. Aliandika kwamba anaheshimu uamuzi wangu, kwamba ameumia lakini ni mipango ya Mungu, na kwamba anaomba nimtumie vipimo vya Bangwe, maana msimamizi wake anavihitaji. Mwaka mzima wa mapenzi, na msiba wake ulikwisha kabla ujumbe haujafika nusu. Chuoni sasa wenzake wanasema nina maringo, wanawake wenyewe tuko wachache na bado tunaleta nyodo.

Vipimo alivyovisoma yeye nilivifuta vyote. Jumatatu nilirudi Bangwe na baba. Alikunja suruali, akaingia majini hadi magotini, akaisimamisha fimbo wima kama nilivyomwelekeza. Nikachungulia mwenyewe, nikaandika mwenyewe, kwa nyayo zangu za kuku.

Yule mama wa jiko alikuwa palepale, kuta zimefika kiunoni. Akatutazama tunavyofanya kazi, akanawa udongo mikononi, akamfuata baba ukingoni.

"Shikamoo mzee. Hivi hapa maji yatafika?"

"Marahaba. Muulize mhandisi," baba akamwambia, akininyooshea kidole. "Mimi namsaidia tu."