Kumsimulia Wifi Tamthilia

Mume wangu alipokuwa hai, tamthilia nyumbani kwetu, mtaa wa Kikuyu, iliangaliwa na watu wawili kwa macho ya mmoja. Dada yake, wifi yangu, haoni tangu utotoni. Alisoma Buigiri, shule ya wasioona, kwa vidole, na masikio yake yanashinda yetu sote. Lakini televisheni haisemi kila kitu. Watu wakinyamaza kwenye picha, mume wangu ndiye aliyesema: huyu amekunja uso, yule kaficha simu chini ya mto. Mimi nilikaa mkekani karibu na mlango wa jikoni, namenya karanga, naona nusu ya kioo. Ilinitosha.

Matanga yalipokwisha na ndugu wakarudi makwao, tulibaki wawili, na televisheni ikabaki imefunikwa kitambaa. Tukaja kusikia kwamba tamthilia mpya inaanza Jumatano. Tangazo lake mume wangu alilisikia kabla hajaugua, akamwahidi dada yake wataiangalia. Nikaondoa kitambaa.

Sehemu ya kwanza ilikuwa mbaya. Muziki mwingi, maneno machache.

"Wanafanya nini?" wifi aliuliza.

"Wamekaa."

"Wamekaaje?"

"Kwenye makochi."

"Makochi nimeyasikia yakilia, wifi. Nauliza wao."

Mimi siwezi kusema kitu nisichokuwa na hakika nacho, na nyuso za wale watu sikuzielewa. Nikanyamaza, na wao wakanyamaza, mpaka ikaisha.

"Tamthilia ya mabubu," wifi alisema. "Mimi narudi Bahi kwa mdogo wangu. Kule angalau watoto wanapigana, nasikia kitu."

Nilijua hazungumzii tamthilia. Anazungumzia nyumba. Tangu msiba nilikuwa napika, nafua, nalala, na maneno yangu kwa siku nzima yangeenea kwenye kiganja. Akiondoka yeye, nabaki na kuta. Nilitaka abaki, na nilitaka hivyo kwa ajili yangu kwanza, halafu kwa ajili yake.

"Tuipe nafasi nyingine, wifi. Mara ya kwanza huwa wanatambulishana tu."

"Apewe nani nafasi? Wao au wewe?"

"Wote."

Akacheka puani. "Haya. Jumatano ijayo ikipita, Alhamisi napanda gari." Kesho yake alifunga begi lake mwenyewe, akaliweka sebuleni, pembeni ya mlango, mahali ambapo kila nikipita lilinigusa mguu.

Wiki ile nilijifunza. Sokoni, nyuma ya meza yangu ya karanga, nilisema kwa sauti ndogo kila nilichokiona. Mama ameokota nyanya, ameinusa, ameirudisha. Mzee katoka mashineni, unga umemjaa kwenye nyusi, anajipangusa kwa kofia.

"Unaongea na nani, dada?" aliuliza jirani yangu wa meza ya dagaa. "Majonzi yasije yakakupanda kichwani."

"Najifunza kazi."

"Kazi gani ya kutukana wateja chinichini?"

"Situkani. Nawaangalia."

Jumatano nilimaliza kupika mapema. Mkekani nisingeona vizuri, na kiti cha mume wangu hakuna aliyekikalia tangu msiba. Nilikivuta mpaka ubavuni kwa wifi. Alisikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafu, akageuza uso. Nikakaa. Mto ulikuwa umebonyea upande mmoja, upande aliokuwa akiegemea mume wangu, na mimi nikakaa hivyo hivyo, nimeinama.

Muziki ukaanza, watu wakanyamaza kama kawaida yao.

"Kuna mwanaume amesimama nje ya mlango," nilisema. "Ameinua mkono kama anataka kubisha. Ameushusha. Begi alilolishika mkono wa kulia amelihamishia kushoto. Sasa amelirudisha kulia."

"Anaogopa."

"Sijui kama anaogopa. Amehamisha begi."

"Basi anaogopa, wifi. Endelea."

"Anaangalia viatu vyake. Vina vumbi. Anapangusa kimoja nyuma ya mguu wa suruali."

Wifi alikuwa amesogea mbele. "Kaka angeniambia huyo mtu ana bunduki."

"Hana bunduki."

"Najua. Kwa kaka kila mtu mbaya alikuwa na bunduki na kitambi. Ulifikiri nilikuwa naamini? Mimi ni kipofu, si mjinga."

Nilicheka. Kilitoka kicheko kikubwa, mpaka nikapitwa na maneno mawili matatu ya mwanamke aliyekuwa ndani, na wifi akanipiga paja: "Nyamaza, anaongea!" Naye alikuwa anacheka. Machozi yalinitoka pia, na sikuyapangusa, maana macho yangu yalikuwa na kazi.

Tamthilia yenyewe haikuwa nzuri sana, siwezi kudanganya. Iliisha mtu yule bado amesimama nje.

"Hajabisha?" wifi aliuliza.

"Hajabisha."

Akasugua magoti. "Basi lile begi lirudishe chumbani. Siwezi kwenda Bahi sijui kama mtu ameingia au ameondoka."

Nililibeba kabla hajabadili mawazo. Jumatano iliyofuata mtu yule hakubisha pia. Nilimweleza wifi mlango ule vizuri, rangi yake na kitasa chake, na mahali ambapo mbao zimepasuka.