Kiti cha Nne cha Doreen

Ukimkaribisha Doreen Clutterbuck nyumbani kwako, usishangae akikusalimia akiwa chini ya meza. Adabu anazo, ila akiona samani ya zamani ya mwaloni magoti yanajikunja yenyewe. Siku tuliyomzika mwalimu mkuu wetu wa zamani, kasisi alimkuta amelala chali sakafuni nyumbani kwa wafiwa, anapapasa maungio ya meza ya marehemu kwa chini. Kasisi akamruka, akaenda kujichukulia keki. Hapa kijijini tumeshamzoea.

Alikuwa mpishi wa shule hadi alipostaafu. Ukimtoa mumewe Ken na binti yao, hakuna anachokipenda kama samani za wale mafundi walioichukia mashine, wakahamia huku kwenye vilima vya Gloucestershire enzi za bibi zetu na kuchonga kila kitu kwa mkono. Mbao nene, urembo kidogo, na vijiti vya kukazia maungio vimeachwa wazi kila mtu avione. Doreen husema samani hizo hazijui kudanganya. Ken husema hazidanganyi, ila zinaumiza makalio.

Sebuleni kwao kulikuwa na viti vitano vyenye migongo kama ngazi na vikalio vya matete ya kusuka, vyote kazi ya fundi mmoja aliyekuwa na karakana nyuma ya kanisa. Vilitoka kwake vikiwa sita. Chini ya kila kimoja alichonga namba kwa patasi, na cha nne hakuna aliyejua kiliishia wapi. Doreen alikitafuta minadani, akakitafuta kwenye stoo za watu na hata kwenye mabanda ya kuku. Umri ulikuwa unamtupa mkono, na ombi lake lilikuwa moja tu: kabla hajafa avione vyote sita vimezunguka meza moja, kama fundi alivyovikusudia.

Kumbe kilikuwa ng'ambo ya barabara. Bibi Elsie Fawdry, mjane aliyeupita umri wa miaka tisini, alikuwa anahamia nyumba ya wazee, na Doreen akaenda kumsaidia kufunga vitu. Chumbani akaondoa rundo la nguo, akaona mgongo wa ngazi. Akapiga magoti, akapapasa. Namba nne. Kisha akaitazama miguu. Ilikuwa imekatwa, yote minne, kiasi cha kiganja kizima.

"Mjinga gani kaikata hii miguu?"

"Harold wangu," akajibu Bibi Elsie kutoka kitandani. "Si unaniona nilivyo mfupi, mwanangu? Mtoto wa kwanza alipokuja, nikikaa kwenye kiti miguu inaning'inia, siwezi kumpakata anyonye. Harold akachukua msumeno. Alikuwa mjinga kweli, lakini mjinga wangu."

Doreen aliona haya mpaka masikio yakawaka. Alijua vizuri kwamba zamani wanaume wengi wa huku waliwakatia wake zao viti vya kunyonyeshea. Ni vile tu hasira ya mpenda samani ilimtangulia. Bibi Elsie hakuweka kinyongo. Akampa kile kiti, maana huko aendako aliambiwa viti vipo.

Ken alipewa kazi ya kurefusha miguu kwa vipande vya mwaloni mkuukuu. Harold alikuwa amekata kwa haraka, mguu mmoja ukawa mfupi kuliko mingine, kwa hiyo ilibidi Ken aipige randa ile mitatu ilingane nao. Doreen aliangalia pembeni kama anayechomwa sindano. Kisha kiti kikafungiwa kwenye sanduku na sahani ya amonia, mvuke uutie weusi ule mwaloni ulioungwa, na Ken akatoka bandani machozi yakimtiririka kwa ukali wa mvuke huo. Jumapili ile viti vyote sita vilizunguka meza. Nyama ikapoa kwenye sahani huku Doreen analia kwa furaha.

Wiki iliyofuata alikwenda kumsalimia Bibi Elsie. Alimkuta kwenye kiti kikubwa cha plastiki, miguu yake midogo inaning'inia hewani, vifundo vimevimba. Bibi hakulalamika. Aliuliza kimoja tu: "Kile kiti changu unakikalia, au umekiweka cha kutazamwa?" Doreen akasema wanakikalia. Njia nzima ya kurudi hakuiona.

Nyumbani alikaa mbele ya kiti cha nne mpaka chai ikapoa.

"Lete msumeno," akamwambia Ken.

"Mjinga gani atakata hiyo miguu?" Ken akauliza, lakini alikuwa ameshainuka.

Walikata palepale kwenye maungio, wakapakia kiti kumpelekea Bibi Elsie, na Ken akautupia msumeno kwenye buti ya gari, huenda kimo kisimfae bibi. Kilimfaa. Bibi Elsie alikalishwa, nyayo zake zote mbili zikagusa sakafu, akafumba macho. Akajisukuma mbele kidogo, akajirudisha nyuma. Akafumbua macho.

"Hiki sicho."

"Ndicho, bibi. Namba yake hii hapa chini."

"Changu kilikuwa kinayumba. Watoto wangu wote wanne walipata usingizi kwa kule kuyumba."

Doreen alipiga magoti sakafuni mwa nyumba ya wazee, akaitazama ile miguu minne iliyolingana. Vipande vya Ken vilikuwa vimekwisha kuondoka. Uliobaki ni mwaloni wa fundi mwenyewe, kila unywele wake.

"Mguu mfupi ulikuwa upi, bibi?"

"Wa nyuma, kushoto."

Doreen akaenda kwenye gari kuchukua msumeno.