Siku Nyumba Yetu Ilipopita Sokoni

Watu wa Likasi wa umri wangu, wakinikuta njiani, bado wananiuliza treni yangu inaondoka saa ngapi, kwa hiyo afadhali niseme mwenyewe: ndiyo, ni mimi yule mjane aliyekimbia katikati ya soko, kichwa wazi, akifuata nyumba yake.

Mume wangu alikuwa mfanyakazi wa reli. Miaka ile kazi zilipokufa na treni zikaacha kupita, tulitolewa kwenye nyumba ya kazi, tukahamia ndani ya wagoni ndogo ya mbao, behewa lililoachwa kwenye reli ya pembeni, juu kidogo ya soko. Sisi wawili na watoto wanane. (Wakubwa walilala kwenye mbao alizopigilia baba yao ukutani, wadogo chini, kichwa hapa miguu pale, na aliyetaka kugeuka usiku aliwaambia kwanza wenzake.) Kila Jumapili baada ya misa mume wangu alipaka magurudumu grisi. Majirani walimcheka. Alijibu tu kwamba siku moja watu wa reli watakuja kuichukua, na hataki waikute na kutu.

Kisha homa ikamwondoa.

Kwetu mjane wa kilio anakaa chini, kwenye mkeka. Hasimami ovyo, hapazi sauti. Nilikaa hivyo. Mama mkwe wangu alikuwa amefika kutoka Kambove, na asubuhi ile alisimama mlangoni mwa wagoni akaangalia ndani kwa muda mrefu.

"Batoto munane ndani ya kasanduku haka?" alisema. "Kilio kikiisha tutabagabanya. Kila ndugu atakamata wake."

Moyo ulinishuka, maana nimewaona watoto waliogawanywa, wanakutana ukubwani wanasalimiana kama wageni.

Mchana mama mkwe akaingia na watoto wangu wote ndani ya wagoni wapumzike. Watu wa kilio walikuwa wengi, sufuria moja ya bukari, ugali wetu, haikutosha, na jirani yangu Mama Fifi akaniuliza wapate wapi mafiga ya moto wa pili. Mimi, kichwa kimejaa maneno ya asubuhi, nikanyoosha kidole kwenye mawe yaliyokuwa mbele ya magurudumu. "Kamateni yale," nikasema. (Breki ilikuwa imekufa zamani. Mawe yale ndiyo yalikuwa breki.)

Wakayachukua, sufuria ikapanda juu yake, ikakaa vizuri sana, na mimi nikiwa naangalia moto nikaona ukuta wa nyumba unapita nyuma ya moshi. Magurudumu hayakulia hata kidogo. Grisi ya marehemu ilifanya kazi yake, na kila nilichobaki nacho duniani kikaondoka taratibu, kimya, na nguo zilizoanikwa ubavuni zikipepea, na ilikuwa nzuri mno, Mungu anisamehe, hata nikabaki nimekaa mdomo wazi.

"Mama Sidonie," Mama Fifi akasema, "nyumba yako iko naenda."

Nikasimama nikakimbia, kitambaa cha kichwa kikaanguka, sikukirudia. Chini sokoni watu hawakuwa wameona treni muda mrefu. Walipoiona wengine wakavua kofia, wengine wakafunga mizigo, na mwanaume mmoja mwenye gunia la mahindi akawa anakimbia sambamba nami.

"Mama, inaenda Kamina?"

"Haiende fasi yoyote. Ni nyumba yangu."

"Kuko nafasi?"

"Kuko batoto munane na mama mukwe."

"Basi imejaa," akasema, lakini hakuacha kukimbia.

Ng'ambo ya soko reli inapanda. Wagoni ikapanda kidogo, ikarudi kidogo, ikatulia. Nikasukuma mlango. Sidonie, mtoto wangu mkubwa, alikuwa amekumbatia nguzo, mdogo wake amemshika kiuno, na wa tatu vilevile, mpaka kitindamimba, na katikati yao, amezungukwa, mama mkwe wangu amekaa sakafuni. Hakuna aliyelia. Sikuwafundisha, wala baba yao hakuwafundisha. Nilisimama pale nikiogopa kidogo, kama vile watoto hao si mimi niliyewazaa.

Nikanyoosha mkono nimtoe aliye karibu.

"Acha," mama mkwe akasema. "Ukiondoa moja, bote tutaanguka."

Wanaume wa soko wakaisukuma wagoni kurudi juu. Mama mkwe alikataa kushuka, akakaa mlangoni miguu ikining'inia, akawaambia, "Munacheka nini? Sukumeni." Nami nikasukuma, mjane, mbele ya watu wote, na hakuna aliyeniambia nikakae.

Kilio kilipoisha lori la Kambove likaja. Nilingoja mama mkwe aite majina ya watoto wa kugawanywa. Alifunga mzigo wake, akamshika kila mtoto kichwani, akapanda peke yake.

Mimi nimeapa kutokimbia tena sokoni kichwa wazi. Lakini sidanganyi: nyumba ikiondoka tena na watoto ndani, mkeka hautanizuia.