Sahani ya Asiyekuja

Siku mtathmini alipokuja Matiri kumhoji mama yangu, mimi ndiye niliyemvalisha. Nilimfunga kitenge kipya, nikamfuta udenda upande wa kulia wa mdomo, nikamkalisha barazani kwenye kiti chenye mikono ili mkono wake uliopooza upate pa kuegemea. Muda wote huo sikumtazama machoni. Tangu apate kiharusi siwezi kumtazama machoni, na yeye anajua kwa nini, wala hajawahi kulitaja. Bora angenitukana.

Niseme kwanza kazi yangu. Mimi ni mmoja wa watu waliobuni huduma ya wagonjwa wa presha huku vijijini Mbinga. Huduma yenyewe si vidonge tu, ni mambo mengi yaliyofungwa pamoja: kikundi cha wagonjwa kinachokutana zahanati kila mwezi, muuguzi wa kupima, somo fupi, dawa za kwenda nazo nyumbani, na simu kwa asiyefika. Tulianzia Matiri, nyumbani kwetu. Mama alijiunga mapema, akawa anamtangazia kila mtu aliyekutana naye njiani kwamba mtoto wake ndiye kaleta kipimo. Nilikuwa namkataza, lakini moyoni nafurahi.

Jambo moja hatukulibuni sisi. Wanakikundi wenyewe walianza kuja na chakula. Huyu maharage, yule ugali, mwingine ndizi za kuchemsha. Mama, aliyeolewa huku milimani akitokea ziwani, alikuja na usipa, wale dagaa wadogo wa Ziwa Nyasa ambao kaka zake humtumia kwa basi. Wakishapimwa walikaa uani kwa zahanati wakala pamoja. Wazee wakafurahi, wakasema sengu imerudi. Sengu ilikuwa desturi ya Wamatengo, ukoo kukusanyika kwa babu, kila nyumba na chungu chake, wakala na mambo ya ukoo yakazungumzwa hapo hapo. Hawa wa presha waliongeza la kwao: asiyekuja alitengewa sahani, na mwenzake anayekaa naye jirani akaifunika kwa kitambaa na kumpelekea mpaka nyumbani.

Basi nikaja mimi na akili zangu. Tulikuwa tumefika katikati ya kazi na tunajitathmini, tunatakiwa kusema katika mambo yote yale ni lipi hasa linaloleta nafuu, ili huduma ipelekwe Mkumbi na kata nyingine hadi vijiji vya ufukweni. Nikakaa pale uani nikatazama. Jamani, watu wa presha wanakula maharage yenye chumvi ya kufa mtu, na juu yake usipa wenye chumvi yake! Muuguzi naye alilalamika kwamba umbea wao unamchelewesha kufunga. Na kile chakula hakikuwemo kwenye mchoro wetu wa huduma, hakikupimika, kila kijiji kingekuja na chake. Kwenye kikao Mbinga nikasimama nikasema chakula si tiba, kiondoke. Wenzangu wakatikisa vichwa kukubali. Nilijiona mjanja, tena mjanja kwelikweli.

Nilimpelekea mama habari mimi mwenyewe. Nilimkuta anapeta maharage.

“Haya,” alisema, “nyie ndio mmesoma.” Akapeta kidogo, kisha akauliza, “Na asiyekuja je?”

“Atapigiwa simu, mama.”

“Simu,” alisema, akaendelea kupeta. Mimi nikaaga haraka niwahi gari la kunifikisha Kitai, kwenye barabara ya Mbinga.

Msimu wa kahawa ulipofika, mama hakwenda kikundini. Kahawa ilikuwa imeiva yote kwa pamoja na vibarua hawapatikani. Muuguzi alimpigia, simu imeisha chaji. Akapiga tena, haipatikani. Akafanya kama mwongozo wangu ulivyomtaka, akaweka alama kwamba amepiga. Mwezi uliofuata ikawa vilevile. Dawa zikaisha. Wenzake wakadhani yuko kwangu Mbinga, nami nikadhani yuko na wenzake, maana nilikuwa na shughuli nyingi za kuhudumia wagonjwa wa watu wengine. Jirani aliyekuja kuomba ungo ndiye aliyemkuta amelala chini kando ya kichanja cha kuanikia kahawa, mdomo umekwenda upande.

Wakati wa sahani, mtu angefika mlangoni siku ile ile aliyokosa mama. Angeona paketi tupu ya vidonge. Angeona jinsi anavyoshika kichwa. Ningeweza kuliona hilo mimi mwenyewe, nilikaa pale uani nikaziona sahani zikifunikwa na kubebwa, nikaona chumvi tu. Daktari aliniambia kiharusi kina sababu nyingi nisijitese. Nilimshukuru, lakini daktari hakuwepo kwenye kile kikao.

Turudi barazani. Mtathmini huyu hakuwa wa kwetu, alitoka Songea, dada mpole mwenye kishikwambi mapajani. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kusema kama huduma yetu, kama ilivyo sasa, bila chakula, ishuke ziwani. Yaani kwa kaka zake mama, kwa watu waliokuwa wakituma usipa. Kwa taratibu zetu mimi sikutakiwa hata kukaa karibu, kwa hiyo baada ya salamu nikanyanyuka kwenda jikoni.

“Shikamoo, mama,” alikuwa amemwambia. Mama aliitikia marahaba, ikatoka imepinda.

Nikiwa jikoni nikasikia mgeni ananiita. “Dada, samahani. Simwelewi. Tafadhali kaa utusaidie.”

Kweli, hakuna anayemwelewa. Tangu augue, Kiswahili cha mama kimekuwa kizito, na akichoka anakimbilia Kinyasa cha utotoni kwao. Mimi tu na jirani ndio tunaomfuata. Nikarudi nikakaa kigodani kati yao. Nikafikiri, Mungu wangu, mshtakiwa kageuzwa mkalimani.

“Muulize, huduma hii imemsaidiaje?”

Mama hakusubiri nitafsiri, masikio yake ni mazima. Alizungumza kwa kirefu, akipumzika kila baada ya maneno mawili matatu. Nikamwambia mgeni, “Anasema imemsaidia sana. Anasema bila kikundi angekuwa amekufa.”

“Alipokosa kuhudhuria, alifuatiliwa?”

“Anasema alifuatiliwa vizuri. Alipigiwa simu. Anasema kosa ni lake, hakuchaji.”

Dada akaandika. Nilikuwa naangalia kidole chake kikigusa kioo, na kila kinapogusa natamani kumshika mkono. Huku kwetu mgeni aliyekuletea jambo jema humwambii baya usoni, nalijua hilo, ndiyo maana siku zote hizi nazitilia shaka “ndiyo” za watu ninaowahoji. Lakini hii haikuwa adabu. Mama yangu alikuwa ananikinga. Ule mkono mzima alikuwa ameuweka begani kwangu, kama mtu anayejishikiza asianguke, na kila swali likija ananibana.

“La mwisho. Kuna kitu angependa kiongezwe kabla huduma haijapelekwa ziwani?”

“Hakuna,” mama alisema. Neno lenyewe nadhani hata mgeni alilielewa.

Mimi nikafungua mdomo nikasema, “Anasema chakula kirudi.”

Mama akaupiga mkono wa kiti kwa kiganja, pa! Akatikisa kichwa mpaka kitambaa cha kichwani kikamtoka. “Si-ja-se-ma,” alisema, kipande kwa kipande, kwa Kiswahili ambacho kila mtu angekielewa.

Dada wa watu akamtazama yeye, akanitazama mimi.

“Hakusema yeye,” nikamwambia. “Nasema mimi. Walikuwa wanakula pamoja, na asiyekuja anapelekewa sahani. Mimi ndiye niliyekiondoa chakula. Hiyo simu haikumfikia hata mara moja. Ukiandika ‘hakuna’, huduma itakwenda hivyo hivyo kwa wajomba zangu.”

“Dada, haya siwezi kuyaweka kwenye majibu ya mama,” alisema polepole.

“Weka kwangu. Andika ni mbunifu wa huduma amesema.”

Aliandika, namshukuru. Aliniuliza maswali mengine, nami nikamjibu bila kujipaka rangi: nani alibeba sahani, alifika lini, aliona nini, nani alipendekeza iondoke. Hakuniahidi chochote. Alimuaga mama kwa heshima, akashuka na njia kuelekea barabarani, nami nikabaki nimesimama na kikombe chake cha chai ambacho hakukinywa.

Mama alikuwa amekasirika. Hakunitazama. Nilipomkaribia nimfunge kitambaa akaugeuzia uso pembeni.

“Nakuficha,” alisema kwa Kinyasa, “wewe unajivua nguo mbele ya mgeni.”

“Nisamehe, mama.” Nililitamka kwa mara ya kwanza tangu augue. Nilikuwa nimemwogesha, nimemlisha, nimemnunulia dawa, nimefanya kila kitu isipokuwa kulitamka. Nikapiga magoti pale barazani nikalia kama mtoto, bila aibu.

Hakunibembeleza. Alikaa akiangalia njia ile aliyoshukia mgeni, inayopita kwenye miraba ya kahawa mpaka zahanati. Kisha akaanza kusema, taratibu, neno na pumziko, neno na pumziko, nami nikasogeza sikio.

Alisema siku ile ya kikundi, ya mwezi wa pili aliokosa, hakuwa na kahawa ya kuchuma. Alikuwa amekwishamaliza. Dawa hana, kichwa kinamgonga, miguu haimbebi kufika zahanati. Akatoa kigoda akakaa hapa mlangoni tangu saa sita mpaka jua linazama.

“Ulikuwa unamsubiri nani, mama?”

“Sahani.”

“Lakini ulijua tumeiondoa. Nilikwambia mwenyewe.”

“Nilijua,” alisema. “Nikasubiri hivyo hivyo.”